Uso wa Aliyelala na Uso wa Aliyeketi: Historia ya Kupima Nyama za Uso

Historia ya kupima unene wa nyama za uso wa binadamu husimuliwa zaidi kama historia ya vyombo: kisu kilichotangulia, sindano iliyokifuata, kisha eksirei, mashine ya CT, na hatimaye skana za pande tatu ambazo kwa kufumba na kufumbua hutoa umbo zima la uso. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yamefunika jambo ambalo lilistahili kuulizwa tangu siku ya kwanza, nalo ni mkao wa mwili wa yule anayepimwa. Kwa zaidi ya miaka mia moja wataalamu walitumia bega kwa bega vipimo vya maiti waliolazwa chali, vya wagonjwa waliolazwa chali na vya watu wazima wa afya walioketi kitini, kana kwamba uso ni ule ule katika hali zote, na ni katika miaka ya karibuni tu ndipo tofauti baina ya hali hizo ilipofanywa kuwa mada ya utafiti wenyewe.

Kinachoitwa tishu laini za uso ni kila kilichopo kati ya mfupa na hewa, yaani ngozi, mafuta yaliyo chini yake, misuli inayokunja uso na ile ya kutafunia, mishipa, tezi za mate, pamoja na utando unaovishikanisha vyote hivyo. Mafuta ya uso hayakupakwa sawasawa kama siagi juu ya mkate. Yamegawanyika katika vifuko vilivyokaribiana, na kimojawapo, kile kilichojificha ndani ya shavu, kinaitwa hadi leo kwa jina la Xavier Bichat, mwanaanatomia wa Ufaransa aliyekieleza mwanzoni mwa karne ya 19. Vifuko hivyo hushikiliwa na kano fupi zinazotoka mfupani hadi kwenye ngozi, na pale kano zilipo imara, kama kwenye mfupa wa shavu na katika baadhi ya sehemu za ukingo wa taya, nyama haiendi mbali. Lakini kati ya nguzo hizo ina nafasi ya kuteleza, na uvutano wa dunia, ambao haupumziki usiku wala mchana, huivuta kuelekea upande wowote ulio chini kwa wakati huo.

Kwa mtu aliyesimama au kuketi, chini ni upande wa kidevu, na kwa aliyelala chali, chini ni upande wa kisogo. Mtu wa makamo akishika kioo huku ameketi, kisha akalala chali na kukiinua kioo hicho hicho juu ya uso wake, huuona mgeuko huo bila chombo kingine: mkunjo unaotoka pembeni mwa pua hadi pembeni mwa mdomo hupungua kina, nyama iliyokuwa imening'inia ukingoni mwa taya hurudi nyuma, mashavu hutanuka kuelekea masikioni, na uso mzima huonekana mpana zaidi na wenye umri mdogo zaidi. Akiinama juu ya kioo kilicholazwa mezani, mambo hugeuka kinyume, kwa maana mashavu huja mbele, kope za chini hujaa, na mikunjo huongezeka. Waliopata kumwosha marehemu au kumtazama kwa mara ya mwisho kabla ya maziko wanajua jinsi uso wake unavyoweza kuonekana umelainika, kana kwamba miaka kadhaa imeondolewa, na sehemu ya sababu, mbali na kulegea kwa misuli, ni kwamba amelala.

Uso wa namna hiyo, uliolala na usio na uhai, ndio uliotoa vipimo vya kwanza. Mwaka 1883 Hermann Welcker, profesa wa anatomia katika mji wa Halle nchini Ujerumani, alichapisha uchunguzi juu ya fuvu lililodhaniwa kuwa la mshairi Friedrich Schiller, akitaka kujua kama fuvu hilo lililingana na barakoa ya mauti ya mshairi huyo, yaani umbo la plasta lililochukuliwa moja kwa moja usoni mwake baada ya kufariki mwaka 1805. Ili kulinganisha mfupa na sura ilimbidi ajue nyama ina unene gani juu ya mfupa, na kwa hiyo alichoma ncha ya kisu chembamba katika nyuso za maiti 13 za wanaume, kwenye nukta tisa zilizopangwa katika mstari wa katikati kuanzia paji la uso hadi kidevuni, akapima jinsi ncha ilivyozama kabla ya kugonga mfupa. Kwamba fuvu lililomshughulisha Welcker halikuwa la Schiller ilithibitishwa na vipimo vya vinasaba mwaka 2008, lakini majedwali yana maisha marefu kuliko mabishano yaliyoyazaa, na njia ya Welcker iliendelea kutumika.

Aliyeikuza zaidi alikuwa Wilhelm His wa Leipzig. Mwezi Oktoba 1894, wakati kanisa la Johanniskirche la mji huo lilipokuwa likijengwa upya, uwanja wa makaburi ulifukuliwa kwa matumaini ya kupata mabaki ya mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach, aliyezikwa hapo mwaka 1750 bila jiwe la kumtambulisha. Kumbukumbu zilisema alizikwa katika jeneza la mwaloni, na jeneza la namna hiyo lilipopatikana likiwa na mifupa ya mwanamume mzee, His aliombwa aseme kama hiyo ni mifupa ya Bach. Alishirikiana na mchongaji Carl Seffner, ambaye angefinyanga sura juu ya nakala ya fuvu, na ili udongo wa mchongaji usiwekwe kwa kubahatisha, His alipima maiti, nyingi kati yake zikiwa za watu waliojiua, kwa kuwa miili ya watu hao ilikuwa haijakondeshwa na maradhi ya muda mrefu. Badala ya kisu alitumia sindano nyembamba ya kushonea iliyopakwa mafuta, nayo ilikuwa imepitishwa katika kipande kidogo cha mpira. Sindano ilipochomwa usoni, mpira ulibaki juu ya ngozi, na ilipogonga mfupa na kuchomolewa, umbali kati ya ncha na mpira ndio uliokuwa unene wa nyama mahali pale.

Inafaa kusita kidogo mbele ya meza ile ya Leipzig, kwa sababu uangalifu wa His ni wa kupigiwa mfano, na bado kuna kitu kilichompita. Aliona kwamba maradhi hukondesha uso, akachagua miili kwa kuzingatia hilo; aliona kwamba kisu hubonyeza ngozi na kuharibu kipimo, akachukua sindano iliyotiwa mafuta ili ipenye bila kuisukuma nyama. Hata hivyo kila mwili uliopimwa ulilala chali, kama ilivyo desturi ya meza za anatomia, na vipimo vilivyotoka hapo vilihamishiwa moja kwa moja kwenye kichwa cha udongo kilichosimamishwa wima. Kosa hilo halikuwa la uzembe. Maiti haiketi, na katika mwaka 1895, His alipowasilisha taarifa yake kwa baraza la mji wa Leipzig, hapakuwa na njia yoyote ya kuuona mfupa ndani ya nyama ya mtu aliye hai. Miezi ya mwisho ya mwaka huo huo, katika mji wa Würzburg, Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miali ya eksirei, ambayo ingeleta njia hiyo. Lakini kwa sura ya Bach ilikuwa imekwisha kuchelewa. Seffner aliendelea na kazi yake hadi kwenye sanamu kubwa ya shaba iliyozinduliwa mbele ya kanisa la Thomaskirche mwaka 1908, ingawa hadi leo wapo wanaotilia shaka kama mifupa ile ilikuwa ya Bach kweli.

Waliomfuata His walibadilisha sindano bila kubadilisha meza. Julius Kollmann wa Basel nchini Uswisi, pamoja na mchongaji aliyeitwa Büchly, walitoa mwaka 1898 sura ya mwanamke wa kale kutoka Auvernier, na katika kupima nyama walitumia sindano iliyofukizwa moshi wa mshumaa hadi ikajaa masizi. Sehemu iliyozama mwilini ilifutika masizi, na urefu wa sehemu iliyobaki safi ndio uliosomwa. Mwaka 1913 Heinrich von Eggeling aliijaribu njia yote kwa ukali zaidi, akawapa wachongaji wawili nakala za fuvu moja pamoja na vipimo vya nyama zake, na sura mbili zilizotoka mikononi mwao hazikufanana baina yake wala hazikufanana na uso wenyewe. Jaribio hilo lilipoza shauku ya wengi barani Ulaya, na wakati ule lawama ilitupiwa zaidi mikono ya wachongaji. Hata Mikhail Gerasimov, aliyeifufua kazi ya kufinyanga sura juu ya mafuvu katika Muungano wa Kisovieti na kuupa ulimwengu sura za Timur na za mfalme Ivan wa Nne, alijifunza uhusiano wa nyama na mfupa kwa kupima maiti.

Maiti ina upungufu wa aina mbili, na kutotenganishwa kwake kulichelewesha elimu hii kwa muda mrefu. Upungufu wa kwanza ni wa kifo chenyewe: damu hutuama upande wa chini, maji hupungua, misuli hulegea, na baada ya siku chache mwili huweza kuvimba. Upungufu wa pili ni wa mkao, nao hauhusiani na kifo hata kidogo, kwa kuwa mtu mzima wa afya aliyelala chali anao vilevile. Vitabu vingi vya karne ya 20 viliueleza ule wa kwanza kwa kirefu na kuunyamazia wa pili, na kwa hiyo wasomaji wakaamini kwamba dawa ya tatizo ni kupata watu hai wa kupimwa.

La kustaajabisha ni kwamba katika chumba cha jirani, yaani katika elimu ya meno na taya, suala la mkao lilikuwa likijadiliwa kwa bidii. Paul Broca wa Ufaransa alikwisha kusema katika miaka ya 1860 kwamba kichwa kiko katika hali yake ya asili pale mtu anaposimama akitazama mbele kwa usawa. Wanaanthropolojia wa Ujerumani walikubaliana mwaka 1884 juu ya mstari wa Frankfurt, unaounganisha ukingo wa juu wa tundu la sikio na ukingo wa chini wa tundu la jicho, ili mafuvu yote yapangwe kwa namna moja. Na baada ya Broadbent wa Marekani na Hofrath wa Ujerumani kuanzisha mwaka 1931 eksirei ya kichwa yenye vipimo maalumu, mgonjwa alipigwa picha akiwa wima, kichwa kikishikiliwa na vijiti viwili vya masikioni. Mwaka 1958 Moorrees na Kean waliandika utafiti unaotajwa hadi leo juu ya umuhimu wa kichwa kukaa katika hali yake ya asili. Lakini madaktari wa meno walikuwa wakiulizia mwelekeo wa mfupa, na nyama iliyoufunika ilihesabiwa kuwa itafuata tu.

Mtu hai alifika katika historia hii akiwa amelala. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley jijini London, mashine iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI ilipiga kwa mara ya kwanza picha za CT za mgonjwa, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo, aliyelazwa huku kichwa chake kikiwa kimeingizwa katika kofia ya mpira iliyozungukwa na maji. CT ni njia ya kupitisha eksirei mwilini kutoka pande nyingi na kuziacha hesabu za kompyuta zijenge vipande vyembamba vya picha, ambavyo vikipangwa pamoja huonyesha mfupa na nyama kwa wakati mmoja. Ilikusudiwa kwa ubongo, na ubongo haukudai mgonjwa aketi. Ila hospitali zilipojaza makabati yao picha za namna hiyo, watafiti wa nyuso waliona hazina isiyo na mfano: maelfu ya watu hai, wa kila umri, ambao nyama zao zingeweza kupimwa popote bila sindano. Barani Afrika, Phillips na Smuts walitumia CT mwaka 1996 kupima unene wa nyama za uso za watu wa Afrika Kusini wenye asili mchanganyiko, na baada yao tafiti za aina hiyo zikaenea katika nchi nyingi. Upungufu wa kifo ulikuwa umeondolewa. Ule wa mkao ulibaki pale pale, na sasa ulikuwa mgumu zaidi kuonekana, kwa kuwa neno “hai” lilikuwa limewaridhisha wote.

Njia nyingine ilikuwa ya ultrasaundi, ambayo hupima unene kwa mwangwi wa sauti isiyosikika na sikio. Faida yake kubwa ni kwamba chombo ni kidogo na anayepimwa anaweza kuketi. Hasara yake ni kwamba kichwa cha chombo kikikandamizwa kidogo tu, shavu linabonyea na kipimo kinapungua. Katika mji wa Leuven nchini Ubelgiji, De Greef na wenzake walichapisha mwaka 2006 vipimo vya watu 967 vilivyochukuliwa kwa ultrasaundi kwenye nukta 52 za uso, na watu hao walipimwa wakiwa wima kwa makusudi, ili nyama zao zining'inie jinsi zinavyoning'inia mtu anapoonekana na wenzake barabarani. Uamuzi huo mdogo wa kumkalisha mtu kitini unastahili heshima kubwa kuliko inayopewa katika vitabu.

Kuhusu mashine za CT za mwale wa koni, zinazotumiwa zaidi na madaktari wa meno kwa kuwa zina mionzi michache, historia yake fupi inalidhihirisha suala hili vizuri. Mashine ya kwanza iliyoelezwa na Mozzo na wenzake wa Verona nchini Italia mwaka 1998 ilimlaza mgonjwa chali; nyingi zilizofuata zilimketisha au kumsimamisha. Uso wa mgonjwa mmoja ungeweza basi kupimwa mara mbili kwa mashine za jina moja na kutoa mashavu mawili tofauti. Hata kwenye mashine za kuketi, kishikizo kinachowekwa chini ya kidevu ili kichwa kitulie huisukuma nyama ya kidevu, na hivyo kipimo cha mahali hapo hakiaminiki.

Ili mkao wenyewe upimwe ilihitajika njia ya kuuchukua uso bila kuugusa, bila mionzi, na kwa haraka inayoruhusu mtu yule yule arudiwe akiwa ameketi na akiwa amelala. Mizizi ya njia hiyo ni ya zamani: Thalmann-Degen alitumia mwaka 1944 picha jozi, zinazofanya kazi kama macho mawili yanayokadiria umbali, kuonyesha mabadiliko ya uso katika matibabu ya meno, na mwaka 1967 Burke na Beard wa Uingereza waliifanya kuwa njia ya kupimia uso kwa ramani yenye mistari ya kontua, kama ile ya milima. Katika miaka ya 1980 watafiti wa London waliupitisha mstari wa mwanga wa leza juu ya uso na kuusoma mpindo wake kwa kamera, ingawa mtu alilazimika kutulia kwa sekunde kadhaa. Kamera za kidijitali zilipokuja, uso mzima ukawa unanaswa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kabla hata ya kope kupepesa.

Kwa vyombo hivyo, nyuso mbili za mtu mmoja huwekwa moja juu ya nyingine ndani ya kompyuta, zikilinganishwa kwa sehemu zisizosogea sana, hasa paji la uso na shina la pua, kisha umbali kati ya nyuso hizo hupakwa rangi, mahali palipotanuka rangi moja na palipopungua rangi nyingine. Bulut na wenzake walifanya hivyo katika utafiti uliotoka mwaka 2017, na mwaka uliofuata Munn na Stephan wa Australia walikwenda mbele zaidi kwa kutoa viwango vya kusahihisha, ili kipimo kilichochukuliwa kwa aliyelala kiweze kurekebishwa kuwa cha aliye wima. Picha inayojitokeza katika tafiti za aina hii ni yenye mantiki ya anatomia: paji, shina la pua na mstari wa katikati kwa jumla hubadilika kidogo, kwa kuwa nyama yake ni nyembamba na imeshikana na mfupa, ilhali mashavu, pembe za mdomo na pande za taya hubadilika zaidi, nyama ikihama kutoka mbele na kujaa karibu na masikio. Umri huongeza mhamo huo, maana ngozi hupoteza mnyumbuko na kano hulegea. Hapa ndipo inapobainika kwamba Welcker, aliyepima mstari wa katikati peke yake, alikuwa salama kuliko wote waliopanua kazi yake hadi mashavuni.

Tofauti hizo ni za milimita chache, na mtu anaweza kudhani si kitu. Lakini milimita chache shavuni ndizo zinazomtofautisha ndugu na ndugu, na sura iliyofinyangwa juu ya fuvu lisilojulikana hutolewa hadharani kwa matumaini kwamba mama au mke atamtambua aliyepotea. Madaktari wa upasuaji wa uso wamelijua hili kwa mikono yao, ndiyo maana huchora alama za kalamu usoni mwa mgonjwa akiwa ameketi, kabla ya kumlaza mezani ambapo mikunjo wanayotaka kuirekebisha hutoweka. Na wale wanaopanga upasuaji wa taya kwa kompyuta, wakiunganisha picha ya CT ya mgonjwa aliyelala na picha ya kamera ya mgonjwa yule yule aliyeketi, hukuta mifupa inakubaliana na mashavu yanakataa.

Nyuso za Afrika Mashariki zimo tayari katika elimu hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 juu ya vinasaba vinavyohusika na ukubwa na umbo la uso ulitegemea picha za pande tatu za watoto na vijana takribani 3,500 wa Mwanza, na ni mojawapo ya hazina kubwa za nyuso za Waafrika zilizopata kukusanywa. Kamera, hata hivyo, huona ngozi tu. Atakayetaka majedwali ya unene wa nyama ya uso kwa ajili ya polisi na hospitali za eneo hili atakwenda kwenye kumbukumbu za CT za hospitali kuu, nako atakuta watu waliolala. Vipimo hivyo vitafaa sana, kwa sharti moja ambalo watafiti wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanaombwa walishike tangu ukurasa wa kwanza: kila jedwali liandikwe kichwani mwake, pamoja na umri na jinsia, mkao ambao mtu alipimwa, kama alilala chali au aliketi wima, na vipimo vya mikao miwili visijumlishwe katika safu moja.